Mgeni Aliyehesabiwa Mwenyeji: Uchambuzi wa Kisa cha Mtandao wa Wageni wa MIT

Tarehe 24 Septemba 2010, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, kijana wa miaka 23 alinunua kompyuta mpakato ya Acer katika duka la karibu, akaingia nayo katika Jengo la 16 la chuo kikuu cha teknolojia cha MIT, na kuomba kuunganishwa na mtandao wa chuo kama mgeni. Usajili ulimtaka jina na barua pepe. Aliandika kwamba anaitwa Gary Host, akaipa mashine yake jina la "ghost laptop", yaani kompyuta ya mzimu, akaweka barua pepe ya kupita ambayo haikumtambulisha mtu yeyote, na mtandao ukampokea. Hakuulizwa kitambulisho wala hakuitwa ofisini, kwa sababu utaratibu wa MIT wakati ule ulimruhusu mgeni kutumia mtandao huo hadi siku 14 kwa mwaka. Kijana huyo alikuwa Aaron Swartz, mwandishi wa programu ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana, na ambaye wakati huo alikuwa na nafasi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwendo mfupi kutoka hapo.

Nimewasikia wasimamizi wa mitandao ya vyuo wakikitaja kisa hiki kila linapozuka swali la kuweka waifai ya wazi kwa wageni, na karibu kila mara hutajwa kama ushahidi wa kuukataa mpango huo: mliona yaliyowapata MIT. Nimekisoma kwa makini, kuanzia hati ya mashtaka aliyofunguliwa Swartz baadaye hadi ripoti ya uchunguzi ambayo chuo chenyewe kiliichapisha Julai 2013, na nimefika mahali tofauti kabisa na wao. Nakubali kwamba palikuwa na kosa kubwa katika namna MIT ilivyompokea mgeni, lakini kosa hilo halikuwa kumfungulia mlango.

Siku iliyofuata, programu ndogo aliyoiandika Swartz ilianza kupakua makala kutoka JSTOR, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo huhifadhi matoleo ya zamani ya majarida ya kitaaluma na kuyatoa kwa taasisi zinazolipia. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, chuo kikubwa cha utafiti kiliweza kulipa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kwa huduma hiyo. Makala zilivutwa kwa kasi ambayo msomaji wa kawaida hawezi kuifikia, na seva za JSTOR zikaelemewa. JSTOR ikaifungia anwani ya IP iliyotumika, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, naye akahamia nyingine. Tarehe 26 Septemba JSTOR ikafungia kundi pana zaidi la anwani za MIT, na wasomaji wasiohusika wakaanza kukosa huduma. MIT nayo ikafuta usajili wa yule Gary Host kwa kuizuia namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao ya kompyuta yake. Mwanzoni mwa Oktoba akaibadilisha namba hiyo na kujisajili upya, kisha akaleta kompyuta ya pili kwa jina la Grace Host. Tarehe 9 Oktoba JSTOR ikakata huduma kwa chuo kizima, na hali hiyo ikadumu kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Mtu mmoja alipitiliza kiasi, na waliofungiwa ni maelfu ya wanafunzi na walimu waliokuwa wanachama halali wa maktaba iliyokuwa imelipia huduma hiyo. Haikutokea hivyo kwa sababu JSTOR ilikuwa na hasira. Ilitokea kwa sababu JSTOR haikuwa na njia nyingine, kwani haikuwa ikimtambua mtu bali namba. Kila ombi lililotoka katika anwani za IP za MIT lilihesabiwa kuwa limetoka kwa mtu wa MIT. Anwani hizo zilikuwa nyingi ajabu: zote zilizoanza na 18, zaidi ya milioni 16, nyingi kiasi kwamba mwaka 2017 chuo kilitangaza kuziuza baadhi kwa kuwa sehemu kubwa haikuwa ikitumika. Kompyuta ya mgeni ilipewa anwani kutoka katika ghala hilohilo. Kwa hiyo mtu aliyejiandikisha kwa jina la kubuni muda mfupi uliopita alionekana, machoni pa JSTOR, sawasawa na profesa aliyefundisha pale kwa miaka 30.

Nyumba za Waswahili wa pwani zililijibu tatizo hili zamani kwa mawe na chokaa. Mgeni hupokelewa barazani. Huketi, hupewa kahawa, huzungumza na wenyeji hata jua likatua, na heshima yake haipungui kwa kuwa hajavuka kwenda ndani. Ndani kuna watu na mali ya nyumba, na aingiaye huko huingia kwa kujulikana. Baraza haikujengwa kwa sababu wenye nyumba hawawaamini watu, bali ili waweze kuwakaribisha wengi bila kuwa na wasiwasi na kila mmoja wao. MIT ilikuwa na ukarimu lakini haikuwa na baraza. Aliyepita mlango alikuwa tayari yuko ndani, amevaa kanzu ya mwenye nyumba, na majirani wakimhesabu kuwa mtoto wa nyumba ile.

Ni haki kuongeza kwamba si vibaya mgeni kusoma jarida lililolipiwa na chuo. Mikataba mingi ya maktaba huruhusu mtu aliyefika mwenyewe ndani ya maktaba kusoma kilichomo, kama vile ambavyo angechukua kitabu rafuni na kuketi nacho, na ni jambo jema linalostahili kulindwa. Lakini kuruhusiwa kusoma hakumaanishi kwamba msomaji huyo asitofautishwe na wengine. Laiti MIT ingewatengea wageni anwani zao, ikaijulisha JSTOR kwamba kundi hili ni la wageni, basi ile Septemba 26 JSTOR ingezifunga hizo tu na kupiga simu, na mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akitafuta makala ya mwaka 1974 asingejua hata kwamba kuna jambo limetokea. Kazi hiyo haihitaji mashine ya ajabu. Swichi na ruta, yaani vifaa vinavyogawa na kuelekeza mtandao, zinazotumika katika vyuo vyetu vingi zinaweza kuifanya kwa saa chache za fundi anayejua anachofanya.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Majarida ambayo vyuo vya Tanzania huyapata kupitia umoja wa maktaba wa COTUL, na vya Kenya kupitia KLISC, kwa sehemu kubwa hufunguka kwa utaratibu uleule wa kutambua anwani za IP za chuo. Chuo kinachowarushia wageni waifai kutoka katika anwani zilezile zilizosajiliwa kwa wachapishaji kimejiweka pale pale ilipokuwa MIT mwaka 2010, tofauti ikiwa kwamba sisi tuna anwani chache zaidi na hatuna sauti kubwa ya kumpigia mchapishaji na kurudishiwa huduma haraka. Nimeona wakutubi wakihangaika kwa wiki nzima kueleza kwa barua pepe kwa nini chuo chao kilionekana kupakua vitabu vizima kwa usiku mmoja.

Sasa nirudi kwa Gary Host, kwa sababu jina hilo linabomoa hoja ambayo wengi huitegemea. Wanaoogopa mtandao wa wazi husema: basi tusajili kila mgeni. MIT ilisajili. Ilipata jina, barua pepe na jina la kompyuta, na vyote vitatu vilikuwa hewa. Ilipomzuia, alirudi kwa jina la dada wa kubuni. Fomu inayokubali kila kinachoandikwa haimtambui mtu mwenye nia ya kujificha. Kinachofanyika ni kwamba mtu mkweli anaandika jina lake la kweli, na mwingine anaandika analotaka, na chuo kinabaki na daftari linaloonekana kama usalama.

Njia ya pili ni kukaza zaidi, na hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, ambacho sitakitaja, alipoingia mama mmoja mtafiti kutoka Bukavu. Alitaka kufungua barua pepe tu, achukue barua ya utambulisho aliyotumiwa. Ukurasa wa waifai ulidai namba ya simu ya nchi ile ili umtumie tarakimu sita. Laini yake ya Kongo haikupokea ujumbe wowote.

"Mwanangu, hakuna njia nyingine?" akamwuliza kijana wa kaunta.

"Mama, mfumo ndivyo ulivyo. Labda ukasajili laini ya hapa mjini, ila watataka pasipoti."

Pasipoti ilikuwa hotelini. Wakatazamana kidogo. Kisha yule kijana akatoa simu yake mfukoni, akawasha hotspoti, akamsogezea kioo ili asome nywila. Mama akapata barua yake kwa bando alilolinunua kijana kwa hela yake mwenyewe. Ulikuwa wema wa kweli, na bado naukumbuka kwa shukrani. Lakini ukitazama kwa jicho la usalama ambalo mfumo ule uliwekwa kwa ajili yake, chuo hakikuwa na rekodi yoyote ya kilichotokea, na kama kungekuwa na uovu wowote, ungesajiliwa kwa jina la mfanyakazi mnyonge kuliko wote katika jengo lile. Mlango ukikazwa kupita kiasi, watu hawaachi kupita. Hupitia penye watu wema.

Kwa Swartz, njia ya pembeni ilikuwa chumba cha nyaya. Baada ya kufungiwa Oktoba, aliacha kutumia usajili wa wageni. Aliingia katika chumba kidogo cha swichi kwenye ghorofa ya chini kabisa ya Jengo la 16, akachomeka waya moja kwa moja, akajipangia mwenyewe anwani mbili za IP, na kuifunika kompyuta pamoja na diski yake kwa boksi la kadibodi. Kati ya Novemba na Desemba, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, alipakua zaidi ya makala milioni 2, ambazo ni zaidi ya mara 100 ya zile zilizopakuliwa na wasomaji wote halali wa JSTOR pale MIT katika kipindi hicho. Kompyuta hiyo iligunduliwa tarehe 4 Januari 2011 na fundi aliyeufuata waya. Badala ya kuiondoa, wahusika waliweka kamera. Picha za siku mbili baadaye zinamwonesha Swartz akiingia akiwa ameshika kofia ya baiskeli mbele ya uso, akichungulia kupitia matundu yake ya hewa. Siku hiyohiyo, Januari 6, alikamatwa.

Wanaotumia kisa hiki kuwanyima wageni waifai hulipita jambo hilo haraka mno. Makala zile zaidi ya milioni 2 hazikupita katika mtandao wa wageni. Zilipita katika chumba ambacho hakikutakiwa kuingiliwa na mgeni wala mwenyeji asiye fundi, na katika mtandao wa ndani ambao haukugutuka kompyuta moja ilipofanya kazi ya chuo kizima mara mia. Chuo kingeufuta mtandao wa wageni Septemba ile, waya ungechomekwa vilevile. Kilichokosekana ni macho, yaani kengele rahisi ya kumwambia msimamizi kwamba kifaa fulani kimevuka kiasi.

Sisemi kwamba alichofanya Swartz kilikuwa sawa. Aliwanyima wengine huduma, alijificha, na alipozuiwa aliendelea. Lakini kilichofuata hakikulingana na kosa. JSTOR ilimalizana naye Juni 2011 baada ya kurejeshewa nakala, ikasema haina dai tena. Mwezi uliofuata serikali ya shirikisho ilimfungulia mashtaka ambayo, kwa tangazo la waendesha mashtaka wenyewe, yangeweza kumpeleka jela hadi miaka 35 na faini ya dola milioni 1. Septemba 2012 mashtaka yalifikia 13. Mengi yaliegemea sheria ya Marekani ya udanganyifu na matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 1986, ambayo moyo wake ni swali moja: je, mtu huyu alikuwa na idhini ya kuingia? Tarehe 11 Januari 2013, kesi ikiwa bado haijasikilizwa, Swartz alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 26.

Swali la idhini ndilo linalonikosesha amani kuliko yote. Hati ya mashtaka ilidai kwamba wageni wa MIT walifungwa na kanuni zilezile zinazowafunga wanafunzi na wafanyakazi. Alex Stamos, mtaalamu wa usalama wa kompyuta aliyeandaliwa kutoa ushahidi upande wa utetezi, alieleza kinyume chake: kwamba mtandao ule ulikuwa wazi kuliko kawaida na kwamba mgeni hakuoneshwa masharti ya matumizi. Ni nani angeweza kumaliza ubishi huo? Ni MIT peke yake. Mtandao ni wake, ukarimu ni wake. Kamati iliyoongozwa na Profesa Hal Abelson, iliyoundwa na chuo baada ya msiba, iliandika kwamba kwa kadiri ilivyoweza kubaini, si waendesha mashtaka wala utetezi waliowahi kuiuliza MIT kama kuingia kwa Swartz katika mtandao wake kulikuwa kwa idhini au la, na MIT haikujiuliza. Chuo kilishika msimamo kwamba hakiegemei upande wowote.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Mwenye nyumba aliyetangaza kwamba nyumba yake i wazi kwa wageni, mgeni anapofikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuingia bila ruhusa, hawezi kusema kwamba yeye hana upande. Anaweza kusema alimruhusu kukaa lakini hakumruhusu kuhamisha vitu vya nyumba, na hayo yatakuwa maneno ya haki. Anaweza kusema chumba cha nyaya hakikuwa sehemu ya ukarimu wake. Lakini lazima aseme jambo, na ni bora zaidi akiwa amelisema kabla mgeni hajafika, kwa maandishi mafupi yanayosomeka kwenye ukurasa wa kwanza wa waifai: unakaribishwa kwa haya, kasi yako ni hii, haya hayaruhusiwi, na ukivuka tutakukata. Maandishi hayo humlinda mgeni kama yanavyokilinda chuo. Nchi zetu nazo zina sheria zinazoadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, kama vile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018, na sioni sababu ya mtoto wa mtu kukutana na maana ya neno "idhini" kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani.

Hoja ya gharama naiheshimu kuliko ya hofu, kwa kuwa intaneti ya chuo hununuliwa kwa fedha ambazo zingeweza kununua vifaa vya maabara. Lakini njia iliyolipiwa haipungui bei usiku wa manane inapokuwa tupu. Wageni wanaweza kupewa kasi ndogo na kuwekwa nyuma ya wanachama saa za vipindi, wakapata kinachobaki. Barua pepe, ramani, fomu ya maombi na ukurasa wa gazeti havihitaji zaidi ya hapo. Programu ya Swartz nayo isingefika mbali katika njia ya namna hiyo.

Kuna wanaodhani kwamba eduroam imelimaliza suala hili. Ni huduma bora, na shukrani ziende kwa mitandao ya elimu na utafiti ya KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania kwa kuileta kwetu: mhadhiri wa chuo kimoja anafika chuo kingine na simu yake inajiunga yenyewe kwa utambulisho wa chuo anakotoka. Inamtambua mtu, jambo ambalo fomu ya Gary Host haikuweza. Lakini inamhudumia aliye tayari ndani ya ukoo wa vyuo. Mwalimu wa sekondari aliyeleta wanafunzi kuona maabara, mzazi anayejaza fomu ya mkopo ya mwanawe akiwa ameketi nje ya ofisi ya usajili, mwandishi wa habari, mzee mstaafu anayekuja kusoma magazeti ya zamani, wote hao hawana utambulisho wa eduroam, na wengi wao wamekuwa wakilipa kodi inayoendesha vyuo vya umma kwa miaka mingi.

Jibu la kwanza la taasisi inayoshtushwa huwa ni kufunga. Mwaka 2008 mahakama za shirikisho za Marekani zilikuwa zikijaribu kutoa nyaraka zao bure kupitia maktaba 17. Swartz huyohuyo na wenzake walipozipakua kwa wingi, jaribio zima lilisimamishwa, na raia wa kawaida aliyekuwa akienda maktaba kusoma kesi yake moja akapoteza nafasi hiyo. Hakuna aliyemhesabia huyo raia kosa lolote. Kwa hiyo, chuo kinaponiuliza kama kiwe na waifai ya wazi kwa wageni, ninasema ndiyo, bila nywila na bila tarakimu sita za simu, ila katika anwani zake zenyewe, kwa kasi yenye kikomo, kwa masharti yanayosomeka, na kwa mtu mwenye jina na namba ya simu ambaye JSTOR au polisi watamkuta siku jambo likitokea.

Kamati ya Abelson haikumaliza kazi yake kwa mapendekezo. Iliiachia jumuiya ya MIT maswali manane, na moja lao liliuliza chuo kina wajibu gani kwa watu wa jumuiya yake pana, wale wasio wanafunzi wala waajiriwa lakini wanaoingia na kutoka na kuhesabika kwa namna fulani kuwa wake. Ningependa kamati za vyuo vyetu ziketi na swali hilo kabla ya kufika kwenye suala la ruta. Barua ambayo mama yule wa Bukavu alikuwa akihangaika kuifungua ilikuwa imeandikwa na idara ya chuo kilekile, ikimkaribisha.